Kupunguza Vitu vya Nyumbani: kwa Mkupuo, Kidogo Kidogo, au kwa Boksi Lililofungwa?

Mfuko mkubwa wa nguo nilizokwisha kuamua kuachana nazo ulikaa nyuma ya mlango wa chumba changu kwa miezi saba. Kuzichagua kulinichukua saa mbili tu za asubuhi moja, lakini sikuwa nimeamua ziende wapi, na kwa hiyo kila aliyefungua mlango ule aliusukuma mfuko kwa mguu, huku nguo moja baada ya nyingine zikirudi kabatini kimyakimya. Nilipokuja kuutoa hatimaye, ulikuwa umepungua karibu nusu, na hakuna mtu yeyote aliyekuwa amefaidika na kupungua huko.

Ndiyo maana ulinganisho huu una pande mbili ambazo kwa kawaida huandikwa mbalimbali. Upande wa kwanza unahusu namna ya kuchambua, yaani jinsi ya kuamua kipi kibaki na kipi kiondoke. Upande wa pili unahusu njia ya kutokea: kuuza, kugawa, kutupa, au kuhifadhi kwingine. Maoni yangu, na ninayatanguliza ili msomaji ayapime kadiri anavyosoma, ni kwamba upande wa pili ndio unaopaswa kuamuliwa kwanza, ingawa karibu kila mtu huanza na ule wa kwanza.

Kuchambua kwa mkupuo

Njia iliyovuma kuliko zote katika miaka ya karibuni ni ile ya Mjapani Marie Kondo, ambayo msingi wake ni kuchambua kwa aina ya kitu badala ya chumba baada ya chumba. Nguo hutangulia, vikafuata vitabu, kisha karatasi, kisha vikorokoro vya kila namna, na mwisho kabisa vitu vyenye kumbukumbu. Nguo zote za mhusika, ziwe kabatini, kwenye masanduku ya chini ya kitanda au zimetundikwa nyuma ya milango, hulundikwa mahali pamoja, kisha mwenyewe huishika moja moja na kujiuliza kama bado inamletea furaha.

Watu wengi hukumbuka lile swali la furaha, lakini kwa kuona kwangu nguvu ya njia hii iko kwenye lundo. Anayepanga sebule leo na jikoni kesho hukutana na mkasi mmoja hapa, mwingine pale, na wa tatu kwenye kisanduku cha kushonea, na kila mkasi mahali ulipo huonekana kuwa wa lazima. Akiikuta sita pamoja sakafuni, hahitaji tena kushawishiwa na mtu. Mpangilio wenyewe pia una busara, kwa sababu anayeanza na nguo hujizoeza kuamua juu ya vitu vyepesi kabla hajafika kwenye barua na picha, ambako uamuzi mmoja unaweza kumla mchana mzima.

Udhaifu wa kwanza ni kwamba lundo haliachwi njiani. Linahitaji muda mrefu usiokatizwa, na mtu mwenye mtoto mchanga, mwenye kazi ya zamu, au mwenye mgongo usiomruhusu kuinama kwa saa kadhaa atajikuta usiku anasukuma nguo kando ili apate pa kulala. Udhaifu wa pili ni kwamba swali la furaha hujibika vizuri kwa gauni au pambo la ukutani, lakini halina maana kwa nyundo, kipimajoto au hati ya nyumba. Kwa vitu vya namna hiyo maswali makavu hufanya kazi vizuri zaidi: nilikitumia lini mara ya mwisho, na siku nikikihitaji nisikione, nitafanyaje?

Kuchambua kidogo kidogo

Wamarekani wawili, Joshua Fields Millburn na Ryan Nicodemus, wanaojulikana kwa jina la The Minimalists, walieneza mchezo wa mwezi mmoja ambao sharti lake ni jepesi: siku ya kwanza unaondoa kitu kimoja, siku ya pili viwili, siku ya tatu vitatu, na kuendelea hivyo mpaka mwezi uishe. Kwa kawaida huchezwa na watu wawili wanaoshindana, na anayefika mbali zaidi ndiye mshindi.

Mchezo huu unapendeza kwa sababu mwanzo wake hauumi, lakini inafaa kuufanyia hesabu kabla ya kuuanza. Kwa siku 30, jumla ya vitu vinavyotoka ni 465. Katika hivyo, siku 10 za kwanza zinaondoa 55 tu, siku 10 za katikati 155, na siku 10 za mwisho 255. Zaidi ya nusu ya kazi imelundikwa mwishoni, wakati ambapo vitu vya kutupika kwa urahisi vimekwisha na mchezaji amechoka. Kwa hiyo anayeshindwa siku ya 19 asijione mvivu: tayari ameondoa vitu 171 au zaidi, na mchezo wenyewe ndio unaopanda mlima. Ningeshauri kuugeuza, mtu aanze na 30 na kushuka hadi kimoja, ili siku nzito ziangukie wakati wa hamasa na siku nyepesi ziangukie wakati wa uchovu.

Kuna pia toleo la pole kabisa la kitu kimoja kila siku kwa mwaka mzima. Halichoshi, halihitaji nafasi sakafuni, na linaweza kufanywa hata na mgonjwa. Tatizo lake ni moja tu: katika nyumba ambayo vitu viwili vinaingia kila siku, kutoa kimoja ni sawa na kukausha sakafu huku bomba liko wazi. Anayechagua njia hii lazima kwanza ajizuie kununua kwa kipindi hichohicho, la sivyo ataonekana ana bidii na nyumba itazidi kujaa.

Boksi lililofungwa

Njia ya tatu ndiyo ninayoipendelea, na nitakuwa mkweli kwamba upendeleo huo umeathiri urefu wa sehemu hii. Huyo Ryan Nicodemus niliyemtaja hapo juu alianza safari yake kwa kujifanya anahama: alifunga vitu vyake vyote kwenye maboksi, kisha kwa siku 21 akawa anafungua na kutoa kile tu alichokihitaji. Siku hizo zilipokwisha, sehemu kubwa ya mali yake ilikuwa bado imefungwa, na ndipo akaanza kuiachilia.

Si lazima mtu afunge nyumba nzima. Inatosha kuchukua droo moja inayosumbua, kuvitia vyote vilivyomo kwenye boksi, kulifunga kwa utepe wa gundi, kuandika tarehe ya leo na tarehe ya kulitoa, kisha kuliweka mahali ambapo kulifikia kunahitaji juhudi kidogo. Kinachohitajika kitachukuliwa humo, na kitakuwa kimejithibitisha chenyewe. Kisichochukuliwa nacho kimejibu.

Hapa ndipo tofauti kati ya njia hii na ya mkupuo inapojitokeza waziwazi. Kwenye lundo unaamua kwa hisia za siku hiyo, na hisia za siku ya kuchambua si za kawaida, kwani mtu huwa ama amechoshwa na kila kitu ama amezidiwa na huruma. Kwenye boksi unaamua kwa ushahidi wa maisha yako ya kila siku. Kwa anayesumbuliwa na neno "huenda siku moja kikanifaa", boksi ndilo jibu, kwa sababu halimlazimishi kubishana na neno hilo. Linaipa hiyo "siku moja" nafasi ya kufika au kutofika.

Methali inasema akiba haiozi, nami niliiamini mpaka siku nilipofungua kasha la viatu vizuri nilivyokuwa nimevitunza kwa miaka mingi kwa ajili ya shughuli maalumu. Ngozi ya juu ilikuwa inang'aa kama mpya, lakini nilipopiga hatua ya tatu soli ilimeguka na kubaki sakafuni vipandevipande kama udongo mkavu. Baadaye nilielewa sababu: soli nyingi hutengenezwa kwa polyurethane, aina ya plastiki, na unyevu wa hewani huivunjavunja polepole hata kiatu kikiwa ndani ya kasha, kiasi kwamba kiatu kilichofichwa kinaweza kuharibika kabla ya kile kinachovaliwa. Betri nazo huvuja ndani ya tochi isiyowashwa, na mipira ya kufungia hukauka na kukatika. Akiba ya fedha ni jambo jingine, lakini akiba ya vitu ina umri wake.

Boksi lina mipaka. Siku 21 haziwezi kupima mwavuli wakati wa kiangazi, sweta wakati wa joto, wala sanduku la huduma ya kwanza, ambalo kutotumika kwake ndiyo heri yenyewe. Vitu vya msimu vipewe mwaka mzima, na vya dharura visiingizwe kabisa. Tena njia hii hudai nafasi ya kuweka maboksi, jambo ambalo kwa anayeishi chumba kimoja linaweza kuwa kichekesho.

Kwa upande wa nguo, Mmarekani Courtney Carver alianzisha mwaka 2010 utaratibu unaofanana na boksi: kwa miezi 3 unavaa kutoka kwenye vipande 33 tu, vikiwemo viatu na mapambo, lakini bila kuhesabu nguo za ndani, za kulalia na za mazoezi, na vingine vyote vinafungwa. Idadi yenyewe si takatifu. Faida ni kwamba baada ya miezi hiyo unajua kwa hakika ni nguo zipi ulizitamani na zipi ulizisahau.

Vitokee wapi?

Tukifika kwenye njia ya kutokea, mashindano makubwa ni kati ya kuuza na kugawa, na ndipo watu wengi hukwama kwa miezi.

Kuuza kunavutia kwa sababu kunaonekana kurudisha fedha iliyotumika. Ila kuna kizingiti ambacho wachumi wamekichunguza. Katika majaribio yaliyochapishwa mwaka 1990, Daniel Kahneman, Jack Knetsch na Richard Thaler waliwapa baadhi ya wanafunzi vikombe, wakawauliza wangeviuza kwa bei gani, na wakawauliza wasiopewa wangevinunua kwa bei gani. Waliokuwa navyo walitaka takribani mara mbili ya bei ambayo wenzao walikuwa tayari kulipa, ingawa walikuwa wamevimiliki kwa dakika chache tu. Kama kikombe cha dakika chache hupanda bei kiasi hicho machoni mwa mwenyewe, basi kabati la miaka kumi na miwili litakuwaje? Muuzaji hutaja bei yake, wanunuzi hawatokei, naye anahitimisha kwamba watu hawajui thamani ya kitu kizuri, na kabati linabaki pale pale.

Kwa sababu hiyo, kuuza kunafaa kwa vitu vichache vyenye bei ya kueleweka sokoni: fenicha imara, vifaa vya umeme vinavyofanya kazi, ala za muziki, vifaa vya ufundi. Kila kimoja kinahitaji picha, maelezo, majibu kwa watu wanaouliza na kutoweka, na miadi ya kukikabidhi. Ukizidisha saa hizo kwa sahani, vitabu na mashati, faida inayeyuka. Kanuni ninayoitumia ni kuuza visivyozidi vitano, kuvipa wiki mbili, kushusha bei mara moja tu, na baada ya hapo kugawa bila kujadiliana na nafsi.

Kugawa ni haraka zaidi na moyo hupata faraja, hasa unapomjua mpokeaji. Lakini kugawa nako kuna adabu yake, na ya kwanza ni kuuliza kabla ya kubeba. Anayempelekea ndugu yake sofa bila kumuuliza anahamisha mzigo, kisha anataka ashukuriwe. Hali ni hiyohiyo kwa mashirika ya hisani: kikapu cha nguo zilizochanika au mashine mbovu huwagharimu kazi ya kuchambua na kutupa ambayo mtoaji alipaswa kuifanya mwenyewe. Kipimo rahisi ni kujiuliza kama ungempa kitu hicho rafiki yako bila kuona haya. Vipo pia vitu ambavyo ni afadhali visigawiwe hata kama vinaonekana vizima, kama vile kofia ya pikipiki au kiti cha mtoto cha garini kilichowahi kupata ajali, kwa kuwa madhara ya ndani hayaonekani kwa macho.

Kutupa ndiyo njia ya mwisho, na kwa baadhi ya vitu si suala la kutia kwenye pipa tu. Betri za lithiamu zikipondwa ndani ya gari la taka zinaweza kuwaka moto, hivyo zipelekwe kwenye vituo vinavyozikusanya pale vilipo. Taka za vifaa vya kielektroniki zilizozalishwa duniani mwaka 2022 zilifikia tani milioni 62, na chini ya robo yake ndizo zilizoorodheshwa kuwa zilikusanywa na kuchakatwa inavyostahili. Simu ya zamani, iwe inauzwa, inagawiwa au inachakatwa, itolewe kwanza laini na kadi ya kumbukumbu, mwenyewe aondoke kwenye akaunti zake zote, kisha aifute kabisa kwa mipangilio ya kiwandani. Dawa zilizopita muda zirudishwe duka la dawa linalozipokea, zisimwagwe chooni.

Kuhusu kukodi stoo au kuomba kona nyumbani kwa jamaa, sina mengi. Inafaa kwa anayehama au anayesafiri kwa kipindi kinachojulikana. Bila tarehe ya mwisho, ni kulipia uamuzi usiofanywa, na mara nyingi kodi huzidi thamani ya vilivyomo.

Kumbukumbu, na vitu vya watu wengine

Msweden Margareta Magnusson aliifahamisha dunia, mwaka 2017, desturi ya kwao ya mtu kupunguza vitu vyake mapema ili wanaobaki wasiachiwe mzigo huo atakapofariki. Katika jambo moja anakubaliana na Marie Kondo: picha na barua zisianzwe nazo. Analo wazo jingine ambalo sikulikuta kwenye njia zile tatu, nalo ni kuwa na kisanduku kidogo cha vitu vyenye maana kwa mwenyewe peke yake, kilichoandikwa kwamba kitupwe, ili warithi wakiondoe bila kujilaumu. Hili ni suluhisho zuri kwa barua za zamani, kwani linakubali kwamba kitu kinaweza kuwa cha thamani leo na kisiwe na haja ya kurithiwa.

Kupiga picha nako husaidia. Utafiti wa Karen Winterich na wenzake, uliochapishwa mwaka 2017, ulionyesha kwamba watu waliohimizwa kupiga picha vitu vyao vya kumbukumbu walitoa vitu vingi zaidi, kwa kuwa walichokiogopa kupoteza ni ile kumbukumbu. Nilijaribu hivyo kwa mashati ya marehemu baba, na yote yalitoka isipokuwa moja la buluu, lenye kifungo cha tatu cha rangi tofauti alichokishona mwenyewe kwa uzi mweusi. Picha ya kifungo hicho ninayo. Shati pia ninalo.

Katika nyumba ya watu wengi, njia yoyote kati ya hizi ina sharti moja lisilo na mjadala: kila mtu achambue vyake. Anayetupa vitabu vya mwenzi wake au midoli ya mwanawe kwa siri huwafundisha kuficha na kung'ang'ania. Na pale ambapo mtu hawezi kabisa kuachana na kitu bila dhiki kubwa, mpaka vyumba havitumiki tena kwa kazi yake, hilo limetambuliwa tangu mwaka 2013 katika mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani kuwa ni tatizo la afya lenye jina lake. Kumsafishia nyumba kwa nguvu hakumponyi. Anahitaji mtaalamu.

Uchague ipi?

Mwenye siku mbili huru, nguvu za kutosha na njia ya kutokea iliyokwisha kupangwa, kwa mfano gari linalokuja Jumapili jioni, achague mkupuo na kuanza na nguo. Anayehama nyumba naye hana sababu ya kutafuta njia nyingine, kwa kuwa lundo tayari lipo. Mwenye muda wa vipande vipande achague kidogo kidogo, lakini aweke kikapu kimoja karibu na mlango wa nje na siku maalumu ya juma ya kukitoa, maana vitu kumi vilivyosubiri kikapuni kwa mwezi havijatoka. Mwenye kusitasita, mwenye kujutia alivyowahi kutupa, na anayeishi na mtu anayesitasita, wachague boksi.

Njia hizi pia zinachanganyika. Binafsi hutumia mkupuo kwa nguo na vitabu, boksi kwa vifaa na vyombo, na kwa karatasi situmii yoyote kati ya hizo: risiti na barua za kawaida huzipiga picha na kuzihifadhi kwenye kompyuta, kisha nikazichana, lakini vyeti, wosia na hati za mali hubaki katika nakala halisi ndani ya bahasha moja ambayo kila mtu mzima nyumbani anajua ilipo.

Kwa sasa lipo boksi moja juu ya kabati langu, lenye waya za chaji na adapta zilizokuwa zimefungamana kwenye droo ya meza. Nilipolifunga zilikuwa 23. Kwa miezi miwili nimelifungua mara mbili na kutoa waya mbili, na tarehe iliyoandikwa ubavuni ni ya mwezi ujao. Kituo cha kukusanya taka za umeme nimekwisha kukipigia simu. Hupokea kila Jumamosi asubuhi.